Kila anayekamatwa Simiyu aandikwe jina: barua ya wazi kwa Kamati ya Usalama ya Mkoa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu, Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na wajumbe wote wa Kamati, Bariadi.

 

Barua hii inaandikwa na mkazi wa mji wa Bariadi, na inaletwa kwenu hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu watu wote wa wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni watu zaidi ya milioni 2. Kamati yenu inapokaa, milango hufungwa, na hilo linaeleweka, kwa maana siri za ulinzi hazijadiliwi sokoni Somanda. Lakini maamuzi yanayotoka kwenye kikao hicho hayabaki ndani. Yanafika Nkololo, Mwanhuzi, Lagangabilili na Lamadi, yakiwa yamebebwa na mtu mwenye pingu.

Anayeandika haombi ulinzi upunguzwe. Anaomba kila mtu anayekamatwa kwa jina la usalama aandikwe, ndugu zake waambiwe alipo, na afikishwe mbele ya hakimu kwa muda ambao sheria imeuweka. Hakuna kipya katika ombi hili. Kipya kitakuwa kulitekeleza kila siku na kwa kila mtu.

Hatari zilizopo mkoani hazidharauliwi hapa. Wezi wa mifugo wapo, na wanaua. Ramli chonganishi bado inawapeleka kaburini akina mama wazee ambao kosa lao ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Januari 2016, ndani ya Pori la Akiba Maswa, majangili waliokuwa wameua tembo waliifyatulia risasi helikopta ya doria na kumuua rubani wake, Roger Gower, raia wa Uingereza. Watuhumiwa walisakwa, wakakamatwa na kupelekwa mahakamani. Mfano huo unafaa kukumbukwa kila mara anapotokea mtu wa kusema kwamba wahalifu wa aina hii hawawezekani kwa njia ya sheria. Waliwezekana.

Yafuatayo ndiyo malalamiko, pamoja na sababu zake.

1. Watu wa huku walishalipa gharama ya usalama usio na mipaka.

Mwaka 1976 hapakuwa na Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikiwa imemegwa kutoka Shinyanga, kwa hiyo yaliyoipata Shinyanga wakati ule ni historia ya Bariadi na Maswa vilevile. Mauaji ya wazee waliodhaniwa kuwa wachawi yalikuwa yamezidi Usukumani. Serikali ikaendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu wakazolewa kwa mamia, wakahojiwa kwa mateso, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliokuwa wakiwahoji.

Januari 1977 mambo yakawa wazi. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu ingawa hakumgusa mtuhumiwa hata mmoja. Peter Siyovelwa, waziri mwenzake aliyehusika na usalama, akajiuzulu. Wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, nao wakaachia ngazi. Maofisa waliohusika walikuja kushtakiwa Mahakama Kuu na kufungwa.

Taifa linalisimulia tukio hilo kama sifa ya uwajibikaji, na Mzee Mwinyi, aliyefariki Februari 2024, anaistahili sifa yake. Ila masimulizi hayo yanamtaja zaidi waziri kuliko waliofia selo. Tena yanasahau jambo ambalo lingepaswa kuwakosesha usingizi wasimamizi wa usalama wa leo: operesheni ile haikumaliza mauaji ya vikongwe. Yaliendelea miaka ya themanini, yakaendelea miaka ya tisini, na hadi leo kinamama wa vijijini wanalala na hofu hiyo. Mateso yalitoa maungamo mengi na hayakumlinda bibi hata mmoja.

2. Saa 48 zimekuwa adhabu.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Uwezo huu ni wa zamani. Ulikuwemo katika sheria za 1962 za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo, na Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliziweka sheria hizo kwenye orodha ya sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Miaka michache baadaye uwezo uleule ukaingizwa kwenye sheria mpya.

Hata hivyo, sheria yenyewe haikuacha mlango wazi. Inataka kiongozi awe na sababu ya kuamini kwamba amani itavunjwa na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia isipokuwa kumshikilia mtu huyo. Inataka sababu ziandikwe. Inataka nakala imfikie hakimu. Saa 48 zikipita bila mtu kufikishwa mahakamani, anatakiwa kuachiwa, na kiongozi anayeutumia uwezo huo vibaya anaweza kushtakiwa.

Nchini kote wananchi wameona namna masharti hayo yanavyorukwa. Mtendaji wa kijiji anachelewa kikaoni, anawekwa ndani. Mwalimu anajibu kwa sauti ya juu, anawekwa ndani. Diwani anahoji fedha za zahanati, anawekwa ndani. Amani gani ilikuwa inavunjwa? Mawaziri wamewahi kuwakumbusha wakuu wa wilaya mara kadhaa kwamba uwezo huo si fimbo ya kuwatandikia watumishi, na kukumbushana kwenyewe ni ushahidi kwamba jambo hilo linatokea.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi aliyemkamata mtu bila hati muda wa saa 24 kumfikisha mahakamani. Inakuwaje mtu ambaye hajafanya kosa lolote, aliyeshukiwa tu kwamba huenda atavuruga amani, akae ndani mara mbili ya muda wa mtuhumiwa wa wizi?

Mama anafika kaunta ya kituo asubuhi na hotipoti ya ugali na maharage iliyofungwa kwa kitenge. Anauliza mwanawe. Askari anafungua daftari, anapitisha kidole, anasema jina halipo. Mama anaambiwa ajaribu kituo kingine. Anapanda bodaboda kwa fedha ya kukopa, na huko nako jina halipo. Hajui kama mtoto yupo hai. Waheshimiwa, daftari lile ndilo kiini cha barua hii. Mtu akiwa ndani na jina lake halimo, hakuna anayewajibika kwa lolote litakalompata usiku ule.

3. Sungusungu wanahitaji msimamizi.

Hakuna sehemu ya Tanzania inayoijua sungusungu kama Usukumani na Unyamwezini. Ilianza mapema miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera, silaha zilipozagaa na wezi wa ng'ombe wakawa wanavamia vijiji mchana. Polisi walikuwa wachache na wengine walituhumiwa kula na wezi. Wananchi wakajipanga wenyewe, kila kijiji na ntemi wake, katibu wake na makamanda wake. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa usiku, kila mwanamume anatoka na tochi na silaha yake ya jadi, na anayebaki kitandani anatozwa faini. Ng'ombe wengi walirudi. Mwalimu Nyerere aliwatetea hadharani, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata.

Kukamata, waheshimiwa. Hawakupewa uwezo wa kuhukumu.

Wazee wa Itilima na Meatu wanajua kinachotokea mwano unapomfikia mtu ambaye si mwizi. Anazungukwa gizani. Anaulizwa maswali na watu kumi kwa wakati mmoja. Akisita anaonekana mwongo, akijibu haraka anaonekana amejiandaa. Faini ya ng'ombe inatajwa kabla ya ushahidi. Asipolipa anatengwa: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsaidia kulima, hakuna wa kuzika maiti yake. Mjane asiye na mtoto wa kiume wa kumsemea ndiye anayeumia zaidi katika utaratibu huu, hasa jirani anapolitaka shamba lake.

Kutamani kuwafuta sungusungu kungekuwa ujinga, kwani vijiji vingi viko mbali na kituo cha polisi na simu ya dharura haileti gari usiku. Kinachodaiwa ni usimamizi. Nani mkoani ana orodha ya watu waliotozwa faini na sungusungu mwaka jana? Nani anakagua? Kama jibu ni hakuna, basi dola imekodisha madaraka yake bila mkataba.

4. Mpaka wa pori.

Ukitoka Mwanhuzi kuelekea Makao unafika mahali ambapo malisho ya kijiji na Pori la Akiba Maswa vinatenganishwa na vigingi. Ng'ombe hawasomi vigingi. Kiangazi kikikaza, mifugo inavuka, na hapo mfugaji anakutana na askari wa uhifadhi.

Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 inaeleza kinachotokea ulinzi wa rasilimali unapogeuzwa vita. Tembo walikuwa wakiteketea na hatua zilihitajika. Jeshi la Wananchi, polisi, usalama na askari wa wanyamapori wakaunganishwa. Novemba mosi operesheni ikasitishwa baada ya kilio cha wabunge. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikaripoti Desemba kwamba raia 13 waliuawa na zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, huku kukiwa na mateso, udhalilishaji wa wanawake na mifugo kuuawa. Tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne waliondoka kwa siku moja: Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo.

Miezi sita kabla, Juni mwaka huohuo, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ameliambia Bunge kwamba wanaokaidi amri ya vyombo vya dola wapigwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakamshtaki, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitupa kesi kwa sababu ya kinga ya kauli za bungeni. Kinga inaweza kumlinda msemaji mahakamani. Askari aliyesikia kauli ile akiwa kambini alichukua alichokielewa. Ndiyo maana maneno ya mwenyekiti wa kamati ya usalama, hata ya utani kwenye mkutano wa hadhara pale Nyakabindi, yana uzito zaidi kuliko anavyodhani mwenyewe.

Pori la Akiba Maswa litalindwa na watu wa Makao na vijiji jirani, au halitalindwa. Wao ndio wanaoona tairi ngeni, wao ndio wanaojua nani ghafla ana pikipiki mpya. Wakipigwa na ng'ombe wao wakichukuliwa bila karatasi ya kuonyesha idadi, hawatapiga simu tena.

5. Oktoba 2025 na woga uliobaki.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilianza kurejea Novemba 3, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma, na wananchi wakapokea ujumbe wa polisi kwenye simu ukiwaonya wasisambaze picha na video zinazoweza kuleta taharuki. Katika siku hizo watu waliuawa katika miji mbalimbali. Rais mwenyewe alikiri kwamba maisha ya watu yalipotea, akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mamia ya watu, wengi wao vijana, walishtakiwa kwa uhaini, na Rais akaiomba ofisi ya mashtaka iwafikirie waliofuata mkumbo. Desemba 9, Siku ya Uhuru, sherehe zilikuwa zimefutwa na wananchi wakaombwa kubaki nyumbani.

Mtaalamu wa usalama anaweza kusema kuzima mtandao kunazuia uchochezi. Simiyu ilipata nini? Mzazi mwenye mtoto chuoni Dar es Salaam au Mwanza alikaa siku tano bila kujua kama mwanawe yuko salama. Uvumi haukuzimwa. Ulisafiri kwa midomo kutoka stendi hadi stendi, idadi ya maiti ikiongezeka kila kituo, na hakukuwa na chombo cha habari wala kiongozi wa kuusahihisha kwa takwimu zinazoaminika.

Kabla ya hapo kulikuwa na woga mwingine. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana hadi leo. Ali Mohamed Kibao, kada wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi Septemba 2024, na mwili wake ukapatikana Ununio. Watanzania wamezoea kusema "watu wasiojulikana", na neno hilo limewaondolea wahusika mzigo wa kutafutwa. Mwanamume aliyevaa kiraia, kwenye gari lisilo na namba, bila kitambulisho, akimchukua mtu mchana kweupe: mwananchi wa Dutwa atamtofautishaje na mtekaji? Akipiga mwano, anamzuia ofisa wa serikali au anamwokoa jirani? Hili ni swali la usalama kabisa, na jibu lake mnalo ninyi.

6. Mahakama ilishatoa kipimo.

Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa taifa, na viongozi wengi huishia hapo kuisoma. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilisema sheria inayopunguza haki lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kibabe, na isipunguze haki zaidi ya kile kinachohitajika kwa lengo lenyewe. Kabla yake kulikuwa na shauri la Daudi Pete, lililoanzia Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mahakama ya Rufani ilikataa kifungu kilichowanyima dhamana watuhumiwa wa aina fulani bila kuweka utaratibu wowote wa kuwasikiliza. Kanda ya Ziwa ilitoa mchango huo kwa taifa zima. Ingependeza Kamati ipime kila amri yake kwa vipimo viwili vya shauri la Ole Pumbun kabla mwenyekiti hajatia saini.

Yanayoombwa

Mosi, kila kituo cha polisi mkoani kiwe na daftari moja tu la mahabusu, lenye jina, saa ya kukamatwa, sababu na jina la ofisa aliyekamata. Ndugu au wakili akiuliza, ajibiwe papo hapo.

Pili, amri za saa 48 ziandikwe na nakala zipelekwe kwa hakimu kama sheria inavyosema. Kila baada ya miezi mitatu idadi yake kwa kila wilaya ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Majina si lazima. Idadi inatosha kuonyesha kama uwezo huo unatumika kwa dharura au kwa hasira.

Tatu, Kamanda wa Polisi wa Mkoa atangaze kwamba hakuna ukamataji Simiyu bila kitambulisho na gari lenye namba, na kwamba mtendaji wa kijiji au mtaa ataarifiwa, kabla au mara tu baada ya mtu kuchukuliwa.

Nne, sungusungu wasajiliwe upya kijiji kwa kijiji. Anayekamatwa akabidhiwe polisi siku hiyohiyo, faini za ng'ombe zikome, na anayemtenga mjane kwa tuhuma za uchawi ashtakiwe. Hili la mwisho ndilo lingeokoa maisha mengi kwa gharama ndogo kuliko yote.

Tano, mifugo ikikamatwa porini, mwenye nayo apewe hati ya idadi palepale, mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Sita, Kamati iishauri serikali kuu kwa maandishi kwamba mkoa huu hautaki kuzimiwa tena mtandao.

Saba, mara mbili kwa mwaka Kamati ikae hadharani na wananchi, pamoja na viongozi wa dini, wanasheria, waandishi wa habari na watemi wa sungusungu, isikilize.

Msimu wa pamba unapoanza, vijana wengi wa mkoa huu wanakuwa njiani, mashambani na minadani hadi usiku. Ni vijana walioishuhudia Oktoba 2025 kwa simu zao pale mtandao uliporudi. Wanawaogopa polisi, na wanawaambia wenzao hivyo. Mkiwapoteza hao, taarifa za wezi wa mifugo, za majangili na za waganga wapiga ramli hazitawafikia. Mtabaki mkisikilizana wenyewe kwenye kikao.

Majibu ya barua hii yanaweza kuanza na ombi la kwanza, lile la daftari. Halihitaji bajeti wala kibali cha Dodoma.

Kwa heshima,
Mkazi wa mji wa Bariadi.

Nakala:
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora
Chama cha Wanasheria Tanganyika
Wabunge wote wa Mkoa wa Simiyu
Watemi wa sungusungu, popote barua hii itakapowakuta